Herbert Garratt: Mhandisi aliyefariki kabla ya injini zake kuiteka Afrika

HERBERT William Garratt alifariki dunia mnamo Septemba 25, 1913 mjini Richmond, karibu na London, akiwa na umri wa miaka 49. Wakati huo injini za treni zilizokuwa zimejengwa kwa kufuata wazo lake zilikuwa chache mno, na karibu zote zilifanya kazi katika pembe za dunia ambazo Mwingereza wa kawaida asingeweza kuzionyesha kwenye ramani.

Miaka 40 baadaye, jina hilo lilitamkwa kila siku katika karakana za reli za Nairobi, Bulawayo na Johannesburg. Lilitamkwa na madereva, mafundi, wachochezi wa moto na makarani wa stesheni, na aghalabu halikuwa tena jina la mtu bali la mashine. Si ajabu kwamba hata leo wapo wastaafu wa reli nchini wanaodhani Garratt lilikuwa jina la kampuni.

Alikuwa mtu, tena mtu aliyefanya kazi kwa mshahara karibu maisha yake yote. Hakuwa na kiwanda, hakuwa na mtaji, wala hakuzaliwa katika ukoo wa matajiri wa reli. Alichokuwa nacho ni jawabu kwa swali lililowasumbua wahandisi wa nchi zenye milima na pesa kidogo: mzigo mzito utavutwaje juu ya njia dhaifu, pasipo kuing'oa njia hiyo na kuijenga upya?

Swali hilo lilikuwa letu pia. Bila jawabu la Garratt, historia ya reli kutoka Mombasa hadi Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kampala, ingeandikwa kwa namna nyingine.

Mwanagenzi wa Bow

Garratt alizaliwa London mnamo Juni 8, 1864. Uingereza ya siku hizo ilikuwa imekwisha kufunikwa na mtandao wa reli, na kijana mwenye kipaji cha ufundi alijua kwamba karakana za treni zilikuwa mahali pa kujitafutia riziki na heshima.

Mwaka wa 1879, akiwa na umri wa miaka 15, aliingia katika karakana za kampuni ya North London Railway zilizokuwa Bow, mashariki mwa jiji hilo. Alikaa hapo kama mwanagenzi hadi 1882 chini ya msimamizi John Carter Park. Ndipo alipojifunza kazi kwa mikono: kukata chuma, kufunga mabomba, kusikiliza injini na kutambua ugonjwa wake.

Baadaye alipata ujuzi zaidi katika kiwanda cha Doxford mjini Sunderland, kilichotengeneza injini za meli, kisha akawa mkaguzi wa wahandisi washauri. Kazi ya ukaguzi ilimfundisha jambo ambalo fundi wa karakana moja halijui. Mkaguzi hupita kiwanda baada ya kiwanda, huona makosa ya huyu na werevu wa yule, na hulazimika kulinganisha.

Mnamo 1889 alivuka bahari ya Atlantiki kwenda Argentina, akaajiriwa na shirika la reli la Central Argentine. Mwaka wa 1892 alipandishwa cheo na kuwa msimamizi wa injini zote za shirika hilo.

Kati ya 1900 na 1906 alihama mara kwa mara. Alifanya kazi katika reli za Cuba, akaja Afrika Magharibi katika reli ya serikali ya Lagos, akaenda Lima nchini Peru, na hatimaye akahudumia reli za jimbo la New South Wales, Australia. Mwaka wa 1902 Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo ya Uingereza ilimkubali kuwa mwanachama.

Orodha hiyo ya nchi si mapambo ya wasifu. Ndiyo shule iliyomzaa mvumbuzi. Mhandisi aliyebaki Uingereza aliona reli pana, vyuma vizito, madaraja imara na makaa ya mawe ya bei nafuu. Aliyetembea kama Garratt aliona mambo mengine kabisa: njia nyembamba zilizojengwa kwa haraka, kona kali zilizozunguka vilima kwa sababu hapakuwa na fedha za kuvitoboa, na madaraja mepesi yasiyoweza kubeba injini kubwa.

Tatizo la njia dhaifu

Ili kufahamu alichovumbua, yafaa kwanza tulielewe tatizo lenyewe.

Injini ya mvuke ni boila, yaani chungu kikubwa cha kuchemshia maji, kilichowekwa juu ya magurudumu. Mvuke husukuma pistoni ndani ya silinda, na pistoni huzungusha magurudumu. Ukitaka nguvu zaidi unahitaji boila kubwa zaidi na tanuri kubwa zaidi. Lakini boila kubwa ni nzito, na uzito huo wote hushuka kwenye reli kupitia ekseli za magurudumu. Reli nyembamba haivumilii ekseli nzito. Hupinda au huvunjika.

Mtu angeweza kusema, basi tuongeze ekseli ili uzito ugawanyike. Hapo hukutana na tatizo la pili. Injini ndefu yenye ekseli nyingi zilizofungwa kwenye fremu moja haiwezi kupita kona kali. Magurudumu yake husugua reli hadi yakatoka.

Tatizo la tatu lilikuwa nafasi. Katika injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu, na tanuri hubanwa kati yake au juu yake. Kwenye njia yenye upana wa mita moja tu, nafasi hiyo ni finyu.

Njia iliyobaki ilikuwa kufunga injini mbili kwenye treni moja. Hilo lilifanyika kwingi, lakini lilihitaji madereva wawili, wachochezi wawili na karakana ya kuhudumia mashine mbili badala ya moja.

Wengine walikuwa wamejaribu kabla ya Garratt. Robert Fairlie alibuni injini ya pande mbili katika miaka ya 1860. Anatole Mallet, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Ufaransa, alibuni injini yenye seti mbili za magurudumu chini ya boila moja, ya mbele ikiweza kugeuka. Mallet zilienea sana duniani, na hata Reli ya Uganda ilizijaribu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata hivyo, katika Mallet boila bado ilikaa juu ya magurudumu, na tatizo la nafasi lilibaki palepale.

Wazo lenyewe

Imesimuliwa kwamba Garratt alipata wazo lake akiwa mkaguzi London, baada ya kurejea kutoka ng'ambo mwaka wa 1906, alipokuwa akitazama ujenzi wa magari ya kubebea mizinga mizito juu ya reli. Mzinga ulikaa katikati, umeninginizwa kati ya vigari viwili vilivyogeuka kila kimoja kivyake.

Aliuondoa mzinga, akaweka boila.

Katika mpango wake injini ina sehemu tatu. Mbele kuna kigari chenye magurudumu na silinda zake, kikibeba tangi la maji. Nyuma kuna kigari kingine kama hicho, kikibeba makaa au mafuta pamoja na maji ya ziada. Katikati, juu ya fremu iliyoegemea vigari hivyo kwa pini nene za kuzungukia, hukaa boila na chumba cha dereva. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja.

Faida zilikuwa kadhaa kwa mpigo. Kwa kuwa hapakuwa na magurudumu chini yake, boila iliweza kuwa nene na fupi, na tanuri likawa pana na lenye kina, umbo linalochemsha maji vizuri zaidi. Uzito uligawanywa juu ya ekseli nyingi na kutandazwa kwenye urefu mkubwa wa njia, hivyo daraja jepesi halikubeba mzigo wote mahali pamoja. Nayo injini ilipofika konani, vigari vilifuata reli huku boila ikikata ndani ya kona kama uzi wa upinde, jambo lililoifanya iwe thabiti.

Muhimu zaidi kwa wenye reli, zilikuwa injini mbili zenye boila moja, dereva mmoja na mchochezi mmoja.

Garratt aliomba hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka wa 1907, akaipata mwaka uliofuata. Kiwanda kilicholichukua wazo lake kilikuwa Beyer, Peacock cha Gorton, mjini Manchester. Mkuu wa wachora ramani wa kiwanda hicho, Samuel Jackson, ndiye aliyeligeuza wazo kuwa michoro inayoweza kujengwa. Ni haki kusema kwamba Garratt aliona jambo, na mafundi wa Gorton wakalifanya litembee.

Mwanzo mdogo

Injini mbili za kwanza zilijengwa mwaka wa 1909 na kupelekwa kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia. Ziliitwa K1 na K2. Zilitumika kwenye njia ya migodi ya North East Dundas, ambayo upana wake ulikuwa milimita 610 tu, mithili ya reli ya mchezo.

Wateja wa Tasmania walikuwa na matakwa yao. Walitaka mvuke utumike mara mbili, kwanza katika silinda za kigari kimoja kisha katika zile za kigari cha pili. Aidha silinda zilielekezwa ndani badala ya nje, na zile za nyuma zikawa chini ya chumba cha dereva. Matokeo yake yalikuwa joto kali lililowatesa wahudumu. Injini karibu zote zilizofuata ziliachana na mpangilio huo.

Pamoja na hayo, K1 na K2 zilifanya kazi. Mwaka wa 1911 reli ya Darjeeling, inayopanda vilima vya Himalaya nchini India, ilipata Garratt yake. Australia Magharibi ikaagiza sita. Mwaka wa 1912 Tasmania ilipata nyingine mbili kwa ajili ya treni za abiria, zenye silinda nane kila moja, kuonyesha kwamba mashine hizi hazikuumbwa kwa kukokota mizigo peke yake.

Wakati huo ndipo mauti yalipomfika mvumbuzi. Mwaka mmoja baada ya kifo chake vita vikazuka Ulaya, viwanda vya Uingereza vikageukia silaha, na maagizo ya reli za mbali yakawekwa kando. Mtu angeweza kudhani kwamba Garratt na wazo lake wamezikwa pamoja.

Mtihani wa Natal

Aliyelifufua wazo hilo hakuwa mtu bali mlima. Shirika la Reli la Afrika Kusini lilikuwa limeagiza Garratt kabla ya vita, nayo ya aina ya GA ikafika tu mwaka wa 1921. Ilipelekwa Natal, ambako njia kuu hupanda kutoka bahari hadi nyanda za juu, ikashindanishwa na Mallet kubwa iliyokuwapo.

Garratt ilishinda. Ilivuta mzigo kwa urahisi zaidi, ikapita kona kwa utulivu zaidi na kutumia makaa kidogo zaidi. Tangu hapo Afrika Kusini iliendelea kuziagiza kwa zaidi ya miaka 40, hadi idadi ikazidi 400. Kundi lake kubwa la kati ya karne, aina ya GMA, lilijengwa kuanzia 1952 na kufikia injini 120.

Habari zilienea. Uingereza yenyewe ilijenga moja mwaka wa 1925 ya kusukuma treni za makaa mlimani. Mwaka wa 1932 Urusi ya Kisovieti iliagiza moja yenye uzito wa zaidi ya tani 260. Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa, ilipata Garratt za abiria zilizojengwa Ufaransa, na katika majaribio moja ilifikisha mwendo wa kilomita 132 kwa saa.

Hataza ya Garratt ilikwisha muda wake mwaka wa 1928. Kuanzia hapo kiwanda chochote kiliweza kuiga mpango wake, na vingi viliiga. Beyer, Peacock wakaanza kuziita za kwao Beyer-Garratt ili mteja asipotezwe. Hivyo jina la marehemu likawa nembo ya biashara.

Kuingia Kenya

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka wa 1901. Ilijengwa kwa upana wa mita moja na kwa reli nyepesi zenye uzito wa takriban kilo 25 kwa kila mita. Njia hiyo hutoka usawa wa bahari, hukatiza nyika kavu ya Taru, hupanda hadi Nairobi kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, huteremka Bonde la Ufa, kisha hupanda tena.

Tawi lililojengwa baadaye kuelekea Uganda lilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, na njia ikafika Kampala mwaka wa 1931.

Huu ulikuwa mchoro kamili wa tatizo ambalo Garratt alilifikiria. Pamba ya Uganda, kahawa na magadi vilipaswa kushuka bandarini, na mafuta na mitambo kupanda bara. Injini za kawaida zilivuta kidogo kidogo, na kila treni ya ziada ilichukua nafasi kwenye njia moja tu iliyokuwapo.

Garratt za kwanza ziliwasili mwaka wa 1926. Zilikuwa na magurudumu 16 ya kuvuta, lakini hakuna ekseli iliyokandamiza reli kwa zaidi ya takriban tani 10. Nyingine zikafuata, na kati ya 1939 na 1941 zikaja 12 kubwa zaidi za kuvuta treni za njia kuu.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, bandari ya Mombasa ilifurika shehena. Mwaka wa 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Shirika hilo liliamua kubadilisha uchomaji makaa kwa mafuta mazito, likaweka reli nzito zaidi kati ya Mombasa na Nairobi, kisha likaagiza injini ambayo haikuwahi kuonekana kwenye njia ya mita moja popote duniani.

Majitu ya aina ya 59

Injini hizo zilikuwa 34, zilijengwa Gorton na kuwasili 1955 na 1956. Ziliitwa aina ya 59. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa karibu mita 32. Boila yake ilikuwa na kipenyo cha karibu mita 2.3, zaidi ya mara mbili ya upana wa njia iliyotembea juu yake. Ndizo injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizopata kujengwa kwa ajili ya reli ya mita moja.

Kazi yao ilikuwa moja na ngumu: kupandisha treni za tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, umbali wa kilomita 530, kwenye miinuko ya mita moja na nusu kwa kila mita 100. Safari ilipita mchana na usiku. Nyuma ya injini palifungwa behewa la kupumzikia ili kundi moja la wahudumu lilale huku lingine likiendesha, kisha wapokezane.

Mafuta yaliwaondolea wachochezi mzigo wa koleo, ila hayakuwaondolea kazi. Mchochezi alilazimika kutazama moshi, kusikiliza mlio wa injini na kufungua au kufunga vali kadiri njia ilivyopanda na kushuka. Mafuta yakizidi, moshi mweusi hutanda na fedha huteketea. Yakipungua, mvuke huisha katikati ya mlima na treni husimama.

Kwa kiwango hicho cha kazi hapakosekani dhuluma. Katika miaka ya ukoloni usukani wa njia kuu ulishikwa zaidi na Wazungu na Waasia, huku Waafrika wengi wakiwa wachochezi, wasafishaji wa boila, mafundi wa vyeo vya chini na vibarua wa kushindilia kokoto chini ya mataruma. Uhuru ulipokaribia na baada ya kupatikana, Waafrika waliingia katika viti vya udereva kwa wingi. Injini zilikuwa zilezile. Aliyeziongoza ndiye aliyebadilika.

Hata majina ya injini yalisimulia historia hiyo. Garratt nyingine zilizofika 1953 na 1954, aina ya 60, zilikuwa nyepesi na zilitumika katika njia nyingi. Za mwanzo kati yake zilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baadaye vibao hivyo vyote viling'olewa. Aina ya 59 zilipewa majina ya milima: Kenya, Elgon, Meru na mingineyo. Milima haikuwa na utawala wa kupinduliwa, na majina yake yakabaki.

Kasoro na kikomo

Haitakuwa haki kumsifu Garratt bila kutaja udhaifu wa mashine yake. Mabomba ya mvuke yalilazimika kupita kwenye viungo vinavyogeuka, na viungo hivyo vilihitaji uangalizi wa daima. Kadiri maji na mafuta yalivyotumika ndivyo vigari vilivyopungua uzito, na magurudumu yake yakaweza kuteleza, hasa ya mbele. Palipokuwa na karakana mbovu, Garratt iligeuka haraka kuwa mzigo.

Hata hivyo kilichoziondoa njiani hakikuwa kasoro hizo. Ilikuwa dizeli. Injini za dizeli za njia kuu zilianza kufika Afrika Mashariki mwaka wa 1960. Hazikuhitaji maji katika nyika ya Taru, wala kuwashwa saa nyingi kabla ya safari. Michoro ya Garratt kubwa kuliko aina ya 59 ilikuwapo, lakini injini hiyo haikujengwa kamwe.

Aina ya 59 ziliendelea kuvuta kwa miaka kadhaa zaidi. Ziliondolewa kazini moja baada ya nyingine kati ya 1973 na 1980. Katikati ya kipindi hicho, mwaka wa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, nalo shirika la pamoja la reli likagawanywa kati ya nchi tatu. Injini zilizokuwa zimevuta uchumi wa kanda nzima zikaishia kuwa vyuma chakavu.

Kwingineko zilidumu zaidi. Zimbabwe, iliyokuwa na makaa ya mawe yake yenyewe, ilizifanyia Garratt ukarabati mkubwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, zikaendelea na kazi.

Kilichobaki

Kwa jumla Garratt zaidi ya 1,600 zilijengwa, na zaidi ya nusu yake zilitumika barani Afrika. Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka wa 1966. Za mwisho kabisa zilijengwa Afrika Kusini mwaka wa 1967 na 1968, kwa ajili ya njia ya milimita 610, upana uleule wa injini mbili za kwanza za Tasmania.

K1 yenyewe haikupotea. Waliokuwa wameijenga waliinunua mwaka wa 1947 na kuirudisha Uingereza. Baada ya miaka mingi ya kuhifadhiwa ilikarabatiwa, na mwaka wa 2006 ilikuwa ikitembea tena kwenye reli ya milimani huko Wales.

Hapa kwetu, mbili za aina ya 59 ziliokolewa na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971. Moja ni nambari 5918, Mlima Gelai. Nyingine ni 5930, Mlima Shengena, ambayo mwaka wa 2001 ilitengenezwa ikaweza kutembea tena kwa mvuke wake. Milima yote miwili iko Tanzania, ukumbusho wa siku ambazo reli ilikuwa ya nchi tatu.

Tangu 2017 treni za abiria za reli ya kisasa hukimbia sambamba na njia ile ya zamani kati ya Mombasa na Nairobi. Njia mpya ilijengwa kwa falsafa iliyo kinyume na ya Garratt: badala ya kuifanya injini iitii ardhi, ardhi ilikatwa, ikajazwa na kuwekewa madaraja marefu ili iitii treni. Kila njia ina gharama zake, na zile za njia mpya Wakenya wangali wanazijadili.

Garratt aliishi upande ule mwingine wa hesabu. Alitumikia reli zisizokuwa na fedha za kukata milima, akatambua kwamba umaskini wa njia si lazima uwe umaskini wa kazi. Hakupata kufika Kenya, na alikufa kabla Gorton haijajenga Garratt hata moja kwa ajili yetu. Lakini kwa zaidi ya nusu karne, sehemu kubwa ya shehena nzito iliyopanda kutoka Mombasa kwenda bara, na kahawa na pamba iliyoshuka kwenda melini, ilivutwa na wazo lililozaliwa kichwani mwake.